Jogoo, farasi au chapeo? Maelezo matatu ya asili ya neno "crestfallen"

Mwalimu wa Kiingereza, mtafsiri au mwanafunzi wa lugha anayekutana na neno "crestfallen" huelewa upesi maana yake. Ni hali ya mtu aliyenywea, aliyeingia kifua mbele kisha akatoka ameinamisha kichwa. Kinachomtatiza ni picha iliyomo ndani ya neno lenyewe. Neno hili ni mwambatano wa maneno mawili, la pili likimaanisha kuanguka na la kwanza likiwa jina la kitu kinachosimama juu ya kichwa au juu ya shingo, nalo limo katika maandishi ya Kiingereza tangu mwaka 1589. Katika Kiingereza cha wakati ule, "crest" ilikuwa ni kilemba cha jogoo, yaani ile nyama nyekundu ya utosini ambayo wengine huiita undu au upanga; ilikuwa pia tuta la shingo ya farasi linapoota singa; na ilikuwa vilevile pambo lililofungwa juu ya chapeo ya mpiganaji mwenye nasaba. Kila kimoja kati ya vitu hivi kinaweza kuanguka, na kila kimoja kina watetezi wanaoamini kwamba ndicho kilicholizaa neno.

Makala haya yanayapima maelezo hayo matatu kwa vigezo vilevile, kwa ajili ya mtu anayelazimika kuchagua moja, iwe ni kwa somo la kesho asubuhi, kwa tafsiri iliyo mezani au kwa ingizo la kamusi.

Vigezo vya kulinganishia

Kigezo cha kwanza ni maumbile: je, kitu hicho huanguka kweli, na kikianguka, kuanguka huko huonyesha unyonge? Cha pili ni ushahidi wa maandishi, hasa wa miaka iliyo karibu na 1589, kwa kuwa maelezo yaliyobuniwa karne mbili baadaye hayawezi kuwa na uzito sawa na sentensi ya mtu aliyelisikia neno likiwa bado jipya masikioni. Cha tatu ni ulinganifu wa maana. Neno hili halielezi huzuni ya kila aina, bali hudai kwamba kabla ya kushuka kulikuwa na majivuno, au angalau matumaini yaliyokuwa yameinuka. Mfiwa hawezi kuelezwa kwa neno hili bila kuvunjiwa heshima, ilhali mgombea aliyekwisha kukodi maturubai ya sherehe ya ushindi, kisha matokeo yakamwendea kombo, linamfaa barabara. Cha nne ni lugha jirani za Ulaya, ambazo zilirithi neno hilohilo kutoka Kilatini au zilijenga misemo inayofanana nalo.

Mimi hukipa kigezo cha tatu uzito kuliko vingine, kwa sababu anayelitumia neno leo hutumia maana yake, wala hana farasi wala chapeo mbele yake. Msomaji ambaye kazi yake ni historia ya lugha ana haki ya kukitanguliza cha pili, na akifanya hivyo mpangilio wake utatofautiana na wangu.

Jogoo

Tukianza na maumbile, kilemba cha jogoo hutegemea homoni za kiume, na jambo hili lilithibitishwa katika mojawapo ya majaribio mashuhuri ya sayansi ya homoni. Mwaka 1849, huko Göttingen, Ujerumani, Arnold Berthold aliwahasi majogoo wachanga akaona vilemba vyao vikibaki vidogo na wao wenyewe wakikosa kuwika na kupigana kama madume. Wale aliowarudishia korodani mwilini walikua na kilemba na ujogoo wao kamili. Wafugaji walikuwa wameliona hilo kwa macho zamani sana kabla ya maabara. Kadhalika, mtu yeyote aliyefuga kuku wa kienyeji anafahamu kwamba kuku akishikwa na maradhi, kilemba ni miongoni mwa sehemu za kwanza za kutazamwa, kwa kuwa wekundu wake hupotea. Kwa hiyo uhusiano kati ya kilemba na nguvu za mwenye kilemba ni wa kweli, haukubuniwa na washairi.

Hata hivyo, kilemba hakianguki dakika ileile jogoo anaposhindwa. Kinachoshuka papo hapo ni kichwa kizima pamoja na manyoya ya shingoni yaliyokuwa yamesimama, na kilemba hufuata tu kichwa kinakoelekea. Isitoshe, kwa majike wa aina ya Leghorn, kilemba kirefu kilicholalia upande mmoja ni jambo la kawaida kabisa, tena kwa kuku mzima anayetaga vizuri. Maumbile yanalitetea jogoo, lakini hayalipi alama zote.

Katika ushahidi wa maandishi, watu wengi hukimbilia kusema kwamba neno lilizaliwa kwenye viwanja vya kupiganisha majogoo. Mchezo huo ulipendwa mno Uingereza. Mfalme Henry VIII alijenga uwanja wake ndani ya kasri la Whitehall, London, na ni mwaka 1835 tu ambapo sheria iliupiga marufuku katika Uingereza na Wales. Hoja inaonekana nzuri mpaka mtu amtazame kwa karibu jogoo mwenyewe wa mapigano. Desturi ya wapiganishaji ilikuwa kukikata kilemba na nyama zinazoning'inia chini ya mdomo wakati jogoo angali mchanga, ili adui asipate mahali pa kung'ang'ania kwa mdomo na ili damu isimtiririkie machoni katikati ya pambano. Jogoo aliyeandaliwa hivyo akishindwa, hana kilemba cha kuangusha. Ndiyo maana naona ni lazima kutenganisha mambo mawili ambayo husimuliwa kama jambo moja: jogoo wa uani, mwenye kilemba chake kamili, ambaye ni msingi imara wa maelezo haya, na jogoo wa uwanjani, ambaye anayadhoofisha. Kiingereza cha karne ya 16 kilikuwa pia na msemo wa kumkata mtu kilemba cha jogoo kwa maana ya kumshusha hadhi, na msemo huo unashuhudia kwamba waliokisema waliiona fahari ya mtu katika umbo la kuku.

Kwa upande wa maana, jogoo anakidhi yote. Yeye hujitanua, huwika, hutembea kwa mikogo mbele ya majike, na anapopata mbabe wake hunywea mbele ya macho ya wote. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa zaidi, maana aliyesema kwamba jogoo la shamba haliwiki mjini alikuwa akizungumzia jambo hilihili.

Kigezo cha lugha jirani ndicho kinachonivutia zaidi kuelekea upande huu. Neno la Kiingereza lilipitia Kifaransa cha kale kutoka Kilatini "crista", na mshairi wa Kirumi Juvenal, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 2, anasimulia jinsi mvuvi alivyompelekea Kaisari Domitian samaki mkubwa na kumsifu kupita kiasi, na jinsi "crista" za Kaisari zilivyosimama kwa kufurahia sifa hizo. Wafaransa husema mtu ameshusha "crête", Waitaliano husema ameshusha "cresta", na Wajerumani, ambao neno lao halikutoka Kilatini, humwambia mwenye kiburi kwamba "Kamm" yake imevimba, nayo ni kilemba cha jogoo. La kuzingatia ni kwamba pambo la chapeo lina jina lake la pekee katika Kifaransa, yaani "cimier", na katika Kiitaliano, yaani "cimiero". Misemo ya majivuno haikutumia majina hayo, bali ilitumia neno ambalo mtu wa kawaida alilijua kwa kuku.

Maelezo haya yanamfaa mtu anayetaka picha ambayo msikilizaji anaweza kuihakikisha mwenyewe, na yanamfaa pia anayelinganisha lugha.

Farasi

Farasi ndiye mwenye kuanguka kunakoonekana kwa macho kuliko wengine wote. Juu ya shingo yake, kutoka kisogoni hadi mabegani, kuna tuta la kano na mafuta ambalo singa huota juu yake, na farasi dume asiyehasiwa huwa na tuta lililoinuka na kupinda. Tuta hilo linaweza kuelemea upande mmoja na kulala, na likishalala ni nadra lisimame tena. Madaktari wa mifugo wa siku hizi hupima unene wa shingo ya farasi kwa alama kutoka 0 hadi 5, na alama ya 5 ni ya tuta lililokuwa kubwa kiasi cha kulala upande mmoja daima. Kwao ni dalili ya unene wa hatari unaoweza kuambatana na ugonjwa wa kwato. Waandishi wa zamani wa uganga wa farasi waliona sababu kwa upande wa pili, yaani njaa na kukonda ghafla kwa farasi aliyekuwa amenona. Vyovyote vile, hapa tuna tuta lililosimama na tuta lililoanguka, na hakuna haja ya kukisia.

Ushahidi wa maandishi nao una nguvu, na sehemu moja yake iko karibu na msomaji wa Kiswahili. Katika tamthilia ya Shakespeare kuhusu Juliasi Kaizari, ambayo Mwalimu Julius Nyerere aliitafsiri na kuichapisha mwaka 1963, Brutus ana mashaka na urafiki wa Cassius, na anasema kwamba watu watupu hufanana na farasi wenye moto mwanzoni, wanaojionyesha kwa madaha na kuahidi ushujaa, lakini wakichomwa na kichokoo chenye kuwatoa damu huangusha "crest" zao na kushindwa katika jaribio. Tamthilia hiyo ilichezwa London mwaka 1599. Miaka sita kabla yake, katika utenzi wake uliochapishwa 1593, Shakespeare alikuwa ametumia neno hilohilo kwa shingo ya farasi iliyopinda. Maneno ya Brutus yana vipengele vyote viwili vya neno letu, kile kinachosimama na kitendo cha kuanguka, na yana pia maana inayotakiwa, kwa kuwa farasi huyo hujivuna kwanza ndipo hunywea.

Lakini msomaji aangalie kwamba kuna farasi wawili hapa, kama kulivyokuwa na majogoo wawili. Farasi wa Brutus huishusha shingo kwa sababu moyo wake umeshindwa, wakati farasi wa vitabu vya uganga ameangukiwa na tuta kwa sababu ya lishe, na kwa maana yetu huyu wa pili hafai, maana hakuna fahari iliyovunjika ndani yake. Anayetetea asili ya farasi kwa kutaja ugonjwa wa shingo amechagua shahidi dhaifu na kumwacha aliye imara. Katika lugha jirani farasi hubaki nyuma, kwa sababu misemo ya Kifaransa, Kiitaliano na Kijerumani niliyoitaja haimhusu.

Maelezo haya yanamfaa anayefanya kazi na maandishi ya Shakespeare, na anayeishi na farasi na kuujua mwendo wao.

Chapeo

Mpiganaji mwenye nasaba wa Ulaya ya zamani alifunika kichwa chote kwa chuma, na juu ya chuma hicho akafunga umbo la mnyama, ndege au kitu kingine kilichotambulisha ukoo wake. Umbo hilo halikuwa la chuma, kwa kuwa lingemlemea. Lilitengenezwa kwa ngozi ngumu, mti mwepesi au vitu vya namna hiyo. Mfano mmoja umebaki hadi leo: chapeo ya Mwanamfalme Edward, aliyefariki mwaka 1376, ambayo pamoja na simba wake wa ngozi ilitundikwa juu ya kaburi lake katika Kanisa Kuu la Canterbury, na bado imehifadhiwa huko. Pambo la ngozi likipigwa sawasawa huanguka, na katika mashindano fulani ya Ujerumani ya karne ya 15 wapiganaji walishika virungu na lengo lao hasa lilikuwa kumwangushia mpinzani pambo lake. Kwa hiyo kigezo cha kwanza kinatimizwa kwa namna ya wazi, ingawa hapa hatuzungumzii maumbile bali mkono wa adui.

Kwa maandishi, shahidi mkuu ni mchezo wa Shakespeare kuhusu Mfalme Richard II, uliochapishwa 1597. Henry Bolingbroke amemshtaki Thomas Mowbray kwa uhaini mbele ya mfalme, ametaka wapigane, na anapoambiwa aache ugomvi anauliza kama kweli anatakiwa aonekane "crest-fallen" mbele ya baba yake. Anayesema ni kijana wa nasaba ya kifalme, pambano analolitaka ni la mikuki juu ya farasi, na aibu anayoiogopa ni ya ukoo. Ni vigumu kuamini kwamba watazamaji wa wakati ule hawakuiona chapeo waliposikia maneno hayo, hasa kwa kuwa kila tarehe 17 Novemba, siku ya kukumbuka Malkia Elizabeth I alivyorithi ufalme, mashindano ya mikuki yalifanyika Whitehall.

Maana inayotolewa na chapeo ina kivuli chake cha pekee. Jogoo na farasi hushuka kutoka ndani, ilhali mwenye chapeo hushushwa na mwingine, hadharani, mbele ya watu wanaojua alama ya baba zake. Huo ni unyonge wenye fedheha ndani yake. Udhaifu wa maelezo haya ni lugha jirani, kwa sababu niliyokwisha kuieleza juu ya "cimier", na pia kwamba kufikia miaka ya 1580 mapambo hayo yalionekana zaidi kwenye mihuri, makaburi na sherehe kuliko vitani. Yanamfaa mwandishi wa hadithi za kihistoria na msomi wa maisha ya makabaila.

Kasri moja, picha zote tatu

Kabla ya kuchagua, msomaji afikirie mahali penyewe. Henry VIII alipolipanua kasri la Whitehall, aliweka uwanja wa majogoo na uwanja wa mashindano ya mikuki upande uleule wa kasri, ule unaotazama bustani ya St James. Mtu wa kasri la kifalme wa mwaka 1589 aliweza kuona majogoo, farasi na chapeo bila kutoka katika eneo moja la mji, na alikuwa na neno moja kwa kile kilichosimama juu ya vyote.

Shakespeare mwenyewe alilichezea jambo hilo. Katika tamthilia yake ya vichekesho kuhusu Katherina na Petruchio, Petruchio anajidai muungwana, na Katherina anamuuliza pambo la chapeo ya ukoo wake ni lipi, au ni kile kilemba cha jogoo kinachovaliwa na wajinga wa kuchekesha. Petruchio anajibu kwamba yeye ni jogoo asiye na kilemba, mradi Katherina akubali kuwa tembe wake. Katika mistari miwili nasaba na kuku vimekaa ndani ya neno moja, na hadhira ilitarajiwa kuvishika vyote kwa pamoja. Na Falstaff, katika tamthilia nyingine ya vichekesho iliyochapishwa 1602, anaogopa kwamba watu wa kasri la kifalme wakijua alivyoaibishwa watamchapa kwa maneno hadi awe "crest-fallen" kama pea iliyokaushwa. Tunda halina kilemba, singa wala chapeo. Inaonekana kwamba baada ya takriban muongo mmoja tu neno lilikuwa limeanza kujitegemea, na kwa wengi "crest" ilimaanisha tu kilele cha mtu, yaani kichwa chake.

Uchaguzi kwa kila hali

Ikiwa unafundisha sekondari na una dakika kumi za kuliingiza neno vichwani mwa wanafunzi, tumia jogoo, lakini jogoo wa uani. Usiwaambie kwamba neno lilitoka kwenye mapigano, kwani mwanafunzi mdadisi akisoma juu ya vilemba vilivyokatwa atakuuliza swali ambalo maelezo hayo hayana jibu lake.

Ikiwa unatafsiri maandishi ya kale, usichague mara moja kwa kitabu kizima. Pima kila mahali peke yake: palipo na kichokoo na hatamu ni pa farasi, palipo na changamoto ya wenye nasaba ni pa chapeo, na pasipo na dalili yoyote, "kunywea" inatosha bila kumwita mnyama yeyote. Ujihadhari na "kufyata mkia", ambayo huleta mbwa na woga mahali ambapo Kiingereza kilikuwa na fahari iliyoshuka.

Ikiwa unaandika hadithi yako mwenyewe na unataka aibu ya hadharani, chapeo itakupa mandhari, kelele na mashahidi. Ukitaka mtu aliyeahidi makubwa kisha akalegea kazi ilipokuwa ngumu, farasi wa Brutus yuko karibu zaidi na ukweli.

Ikiwa unatunga kamusi, andika sehemu mbili za neno, mwaka 1589, na njia ya Kilatini na Kifaransa, kisha orodhesha picha zote tatu. Nafasi ikiruhusu moja tu, kilemba cha jogoo kina hoja bora ya lugha jirani; mhariri anayedai ushahidi wa Kiingereza pekee, ulioandikwa karibu na wakati huo, ana haki ya kukurudisha kwa farasi wa 1599 au kwa Bolingbroke wa 1597, nawe hutakuwa na sababu nzito ya kumkatalia.